Sadaka ya ukoo: anzeni na bibi, msianze na mwenye mshahara

Mkuu, umeuliza mfanyeje ili bibi, wazazi na wajukuu wote washiriki kuwasaidia watoto wa shule huko kijijini, maana kila Desemba mkirudi Moshi mzigo unamwangukia mmoja. Kosa ni kuchangisha kabla ya kuamua. Mwenye kingi ndiye anayechagua, wengine wanatazama, na mwaka akikwama yeye basi sadaka imekufa.

Kaeni kikao siku moja baada ya Krismasi, watu hawajatawanyika, mpange ya mwaka unaofuata. Majina ya watoto wa kusaidiwa watoe bibi na babu. Wao wanajua kaya iliyofiwa na ile inayoona aibu kuomba. Mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kitongoji wathibitishe tu, na majina yasipite kwenye grupu la WhatsApp. Kwenye kuamua, kuanzia miaka 7 kila mtu ana kura moja, awe ametoa laki au mia tano. Wazee wengi hapa hugoma, kwa hiyo waelezeni kabla, watoto wakiwa hawapo.

Kaya 9 zikitoa 10,000 kwa mwezi, mwaka ni 1,080,000. Watoto wawe na kopo lao, 500 kwa wiki kutoka hela yao wenyewe. Mzazi akimjazia, mtoto hajatoa kitu. Pesa ikae kwenye mfuko wa kikundi ambao kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mmoja, na mmoja wao awe kijana aliyetimiza miaka 18. Mjukuu ashike daftari, na kila mwisho wa mwezi amsomee bibi hesabu kwa sauti.

Shule za msingi za serikali hazitozi ada, ila sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Wekeni nguvu huko. Fundi apewe kazi kabla ya katikati ya Novemba. Desemba anazidiwa na Januari mtoto anaingia darasani bila sare. Mwambieni aache pindo la sentimita 5 la kushusha mtoto akirefuka. Viatu msikisie kwa umri: mwalimu achore unyayo kwenye karatasi, mwongeze sentimita 1 mbele. Rangi ya sweta ulizeni shuleni, maana hutofautiana.

Kukabidhi, aende bibi na wajukuu wawili, jioni, nyumbani kwa mtoto. Msafara wa magari na picha vinamdhalilisha mzazi mbele ya majirani, na mwakani atakataa, haki yake. Wajukuu wafundishwe kuamkia na kukaa kidogo, wasikabidhi mlangoni na kugeuka.

Msimalize zote. Bakizeni sehemu ya kumi, yaani 108,000. Masika ikianza viatu vya bei rahisi vinaachia soli, na mwezi wa nne mjukuu mwenye daftari ampigie mwalimu kuuliza nani ameacha kuja.