Januari Alps kwa treni: laleni Wengen

Dada, umeuliza kama wewe na mama mnaweza kwenda vijiji vya Alps, Uswisi, mwezi Januari bila kukodi gari. Mnaweza, tena bila gari ndiyo raha yenyewe. Mimi ningelala Wengen. Kijiji hicho kiko mita 1,274 juu ya usawa wa bahari, magari ya wageni hayafiki, na hupata jua kuliko kijiji jirani cha Lauterbrunnen kilichobanwa bondeni na majabali.

Kutoka Zurich mnabadilisha treni Bern, halafu Interlaken Ost. Hapo fungua macho: treni mtakayopanda hapo hukatwa vipande viwili kituo cha Zweilütschinen, kimoja kinaelekea Grindelwald, kingine Lauterbrunnen. Soma kibao cha behewa kabla ya kukaa. Usifuate tu wenye skii, hao wako kote kote! Nyinyi kaeni cha Lauterbrunnen; hapo Lauterbrunnen mnapanda treni ya reli yenye meno, yaani gurudumu la meno linashika reli isiteleze mlimani, hadi Wengen.

Nauli ni ghali, hivyo piga hesabu ya kadi ya nusu nauli kwanza. Mama mnunulie viatu vyenye soli ya kung'ata, maana theluji iliyokanyagwa huteleza vibaya. Mfike kabla ya saa kumi jioni, giza huingia mapema.