Gawanya Pesa za Ushindi Kabla Hujashinda

Nikiwa na miaka 22 nilisajiliwa na timu ya mpira iliyokuwa imetoka kupanda daraja, nikapewa shilingi milioni 2 mkononi. Ilikuwa Novemba. Mtwara inapofika Novemba unaijua: hela za korosho zimeingia, pikipiki mpya hazijatolewa hata nailoni kwenye siti, harusi haziishi. Wiki ya kwanza nilinunua runinga na simu, nikamnunulia kaka mabati, nikachangia harusi mbili. Wiki ya pili nikaanza kuchelewa mazoezi. Saa kumi na mbili asubuhi wenzangu wanazunguka Uwanja wa Nangwanda Sijaona, mimi niko Chikongola nimejifunika shuka. Januari ilipofika, namba yangu ilikuwa na kijana mwingine. Mkataba ulipoisha hakuna aliyeniita kuuongeza.

Watu walisema hela imemlevya. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, nikajiona mtu mbaya. Leo nawafundisha vijana mpira na nimeyaona yaleyale kwa watoto wenye nidhamu kunishinda, kwa hiyo nimeacha kulaumu tabia peke yake. Naangalia jinsi hela yenyewe ilivyopangwa.

Chukua mbio za marathoni za ubingwa wa dunia, Tokyo, Septemba 2025. Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde moja. Dhahabu ililipwa dola 70,000 na fedha dola 35,000, maana yake kufumba na kufumbua kule kulikuwa na thamani ya dola 35,000. Zawadi ya namna hiyo inamvuta mtu mpaka mstarini hata kama mapafu yanawaka. Lakini ukishavuka mstari, haikuvuti tena. Kesho yake alfajiri hakuna anayekulipa uamke.

Simbu alipata shaba London mwaka 2017, akaja kupata dhahabu miaka minane baadaye. Sitamsemea yaliyo moyoni mwake. Ila ni askari wa JWTZ, na mshahara wa askari unaingia mwisho wa mwezi, ashinde asishinde. Naamini hilo lina uzito kuliko tunavyodhani, kwa sababu mtu mwenye ugali wa uhakika hahitaji medali moja imlishe maisha yote.

Kuna mwingine ninayependa kuwasimulia vijana, Sergey Bubka, mruka kwa upondo. Kati ya 1984 na 1994 alivunja rekodi ya dunia ya uwanja wa wazi mara 17, kutoka mita 5.85 hadi 6.14, mara nyingi akiongeza sentimita moja tu. Rekodi mpya zilimletea bonasi. Wapo waliomwita mchoyo. Mimi naona alifanya jambo la busara sana: aliigawa zawadi yake vipande vipande, hivyo kila akishinda palibaki kitu cha kuamkia. Armand Duplantis, mruka upondo wa Sweden, anakwenda njia hiyohiyo. Hata lile “goli la mama” la Rais Samia lililoanza 2023, shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba au Yanga katika mashindano ya Afrika, nililipenda kwa sababu hiyo. Mechi inayofuata mnaanza sifuri.

Mjomba wangu wa Newala alilijua hili bila kusoma habari za Bubka. Watu wakikimbiza korosho zote mnada wa kwanza, yeye alikuwa na magunia yake makavu ndani, anayapeleka ghalani kidogo kidogo, mnada huu mawili, ule matatu. Siku moja nilimuuliza haogopi bei kushuka. “Mjomba,” akanijibu, maana huku mjomba na mpwa tunaitana hivyohivyo, “bei inaweza kushuka. Lakini palizi ni mwezi wa tano, na hela ya mnada wa kwanza sijaiona ikifika mwezi wa tano.” Halafu akanionyesha kopo la maziwa lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, hela ya vibarua wa palizi na ya salfa, dawa ya mikorosho. Ilikuwa Desemba.

Kwa hiyo wewe unayekaribia kusaini, fanya hesabu hii. Timu moja inakupa milioni 5 mkononi na mshahara wa laki 3. Nyingine milioni 2 na mshahara wa laki 6. Kwa mwaka ya kwanza ni milioni 8.6, ya pili ni milioni 9.2, na juu ya hapo ya pili inakuamsha kila asubuhi. Vijana wengi huchagua ya kwanza, na siwashangai, kwa sababu zipo timu zinazokaa miezi bila kulipa. Kama timu ina sifa hiyo, chukua cha mkononi, lakini kigeuze mshahara mwenyewe: weka benki kwenye akaunti ya muda maalumu, ujiachie cha mwezi tu. Omba pia bonasi ya mechi unazocheza, iandikwe kwenye mkataba, usikubali ahadi ya mdomo.

Na ndugu usiwakimbie. Walikuchangia nauli na viatu ulipokuwa huna kitu. Amua fungu lao kabla hela haijaingia, walitambue, na likiisha useme limeisha. Mimi sikuamua, ndiyo maana kila aliyebisha hodi aliondoka na chochote na bado alinuna.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu amesajiliwa. Nilikwenda naye. Kabla ya kushika kalamu tulikaa nje, akaandika nyuma ya bahasha: viatu, chakula na matibabu ya msimu mzima, mama, benki. Kilichobaki ndicho cha kusherehekea, kikatosha soda na kuku wa kuchoma kwa watu wanane. Asubuhi yake, saa kumi na moja na nusu, simu yangu ikalia ujumbe: “Mjomba, niko barabara ya Mikindani. Naanza.”