Biashara inasonga, lakini mwenyewe sijioni tena ndani yake

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani. Nilianza peke yangu kwa cherehani moja, na leo nina karakana yenye mafundi wanne. Oda hazikauki, mishahara nalipa kwa wakati, na mkopo niliochukua kununulia mashine unaelekea kuisha. Watu wananisifu. Lakini kila asubuhi nikifungua mlango najiuliza, yote haya ya nini? Sishoni tena. Siku nzima niko na simu, hesabu, wauza vitambaa na wateja wanaolalamika kwamba tumewachelewesha. Nikiwasikia wajasiriamali wenzangu wakisema biashara zao ni wito na zinabadilisha maisha ya watu, naona aibu, maana mimi kazi yangu ni kushona magauni na kupunguza suruali. Sasa nimepewa nafasi ya kuajiriwa kwingine, wanasubiri jibu. Nifunge? Na je, niwaambie mafundi wangu ninavyojisikia, au ninyamaze?*

*Ni mimi, Fundi Asiyeshona.*

Marahaba, mwanangu.

Umeandika mengi kuhusu simu, hesabu na lawama. Kuhusu kushona umeandika maneno mawili tu: "Sishoni tena." Ukayapita haraka kama mtu anayekwepa kugusa jeraha. Mimi nitasimama hapo hapo, kwa sababu naona shida yako imekaa hapo.

Yaliyokupata huwapata wengi wanaoanzisha biashara kutokana na ufundi wao. Mtu anapenda kazi fulani, anaifungulia biashara ili aifanye zaidi, kisha biashara ikikua inamtoa polepole kwenye kazi ile ile aliyoipenda. Ulipomwajiri fundi wa kwanza, bila shaka ulimpa mapindo na zipu. Wa pili akachukua ukataji. Baadaye mwingine akaanza kupokea wateja na kuwakabidhi nguo zao. Kila hatua ilikuwa sahihi, wala hukukosea. Ila tazama ulichobakiwa nacho: hakuna aliyekuja kukuomba umgawie madeni, au simu za muuza vitambaa asiyeleta mzigo. Umegawa yote uliyoyapenda, yale usiyoyachagua yakabaki mezani kwako.

Kuna jambo jingine nililoliona nikakuonea huruma sana. Unasema unashinda na wateja wanaolalamika. Na wale wanaofurahi wako wapi? Haiwezekani oda zisikauke kama watu hawaridhiki. Wapo, mwanangu, tena ni wengi kuliko wa malalamiko. Ila mteja aliyeridhika hukabidhiwa gauni lake pale mbele, akalipa, akashukuru, akaenda zake. Shukrani zake zimeishia kwa aliyemkabidhi. Aliyekasirika ndiye anayesema, "Niitieni mwenyewe." Kwa hiyo habari pekee za kazi yako zinazokufikia ni zile zilizoharibika. Hata mimi ningeishi hivyo kwa muda mrefu, ningeuliza ya nini yote haya.

Kuna utafiti ningependa uufahamu. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Adam Grant na wenzake walichapisha matokeo yao kuhusu vijana waliokuwa wakipiga simu kuomba michango kwa ajili ya chuo kikuu. Ni kazi ya kuchosha, unakataliwa kutwa nzima. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika chache, ana kwa ana, na mwanafunzi aliyekuwa akisoma kwa fedha za michango hiyo. Wengine walisoma tu barua yake, na wengine hawakupewa chochote. Mwezi mmoja baadaye, wale waliokutana naye walikuwa wakitumia kwenye simu muda unaozidi mara mbili ya ule wa awali, na fedha walizokusanya zilipanda vilevile. Kwa waliosoma barua hakukuwa na badiliko la maana. Kuambiwa kwamba kazi yako inamfaa mtu hakukuwasaidia kitu. Kumwona mtu huyo ndiko kulikowasaidia.

Ndiyo maana sitakwambia lile utakaloambiwa na kila mtu, kwamba una familia nne zinazoishi kwa mkono wako na hilo likutoshe. Ni kweli, na ni jambo la heshima. Lakini mtu aliyechoka ukimkumbusha wangapi wanamtegemea, mara nyingi unamwongezea mzigo. Hapati sababu mpya ya kuamka, anapata sababu mpya ya kuogopa kuugua.

Nataka ukumbuke kujaribisha nguo. Unakijua kuliko mimi kile kipindi mteja anapotoka nyuma ya pazia, bega bado lina pini, pindo halijakunjwa, chaki inaonekana kiunoni. Anajitazama kwenye kioo upande huu, anageuka upande wa pili. Pengine ni mwanamke aliyezunguka maduka yote ya nguo zilizo tayari akaona kila inayomtosha kifuani inapwaya kiunoni, hadi akaamini kasoro ni mwili wake. Wewe unapiga magoti, unabana pini mbili, unamwambia ainue mkono, aketi, ainuke. Anashusha mabega. Anatabasamu na kioo. Kasoro haikuwa yake, ilikuwa ya nguo, na umemwonyesha hivyo kwa pini mbili bila kumhubiria.

Halafu unasema kazi yako ni kupunguza suruali tu! Aliyekonda kwa maradhi, anayetaka kurudi kazini bila watu kumkodolea macho, humletea nani suruali zake? Aliyepata ajira ya kwanza, mwenye koti moja la kurithi linalomfika magotini, hulipeleka wapi? Huhitaji kubadilisha dunia ili kazi yako iwe na maana. Inatosha mtu atoke mlangoni kwako akiwa amesitirika kuliko alivyoingia.

Kuhusu hao wenzako wanaosema biashara zao ni wito, usiwaonee wivu wala usiwabeze. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 1997 mtafiti Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha uchunguzi wa namna watu wanavyoiona kazi yao: wapo wanaoiona kama njia ya riziki, wapo wanaoiona kama ngazi ya kupandia, na wapo wanaoiona kama wito. Kilichonigusa ni kwamba walipowatazama wasaidizi wa ofisi 24, watu wenye kazi ya aina moja, waliwakuta wamegawanyika karibu sawa katika makundi hayo matatu. Wito haukuwa sifa ya kazi yenyewe. Naongeza langu: anayefanya kazi ya halali ili alee wanawe na atunze wazazi wake, kisha moyo wake akauweka kwingine, kwenye ibada, kwaya, shamba au wajukuu, hajapungukiwa chochote. Ukigundua wewe ni wa namna hiyo, usijilazimishe kuimba wimbo wa wengine. Ila kwa barua hii sidhani. Asiyejali kushona asingejiita jina ulilojiita.

Basi turudi karakana. Sikushauri urudi kushona kutwa, biashara ingekushinda. Nakushauri uchukue tena upimaji na ujaribishaji, angalau asubuhi mbili kwa wiki, na asubuhi hizo simu ikae kwa mtu mwingine. Usiseme utafanya ukipata nafasi, maana nafasi huipati. Ziandike kwenye ratiba na wateja wazijue. Ukiweza, chagua pia vazi moja kwa mwezi ulishone mwenyewe mwanzo hadi mwisho, lile gumu linalokuumiza kichwa, ili mkono usisahau.

Utaniuliza, na yale mengine atayafanya nani? Mengine yapunguze. Malalamiko ya kuchelewa kwa kawaida huanza siku ya kupokea oda, pale mteja anapoahidiwa tarehe na mtu asiyejua foleni ya meza ya kukatia. Weka ubao ukutani unaoonyesha oda zote na tarehe zake, na tarehe mpya isitamkwe kabla ubao haujatazamwa. Usiingize oda bila malipo ya awali. Nguo ikionekana itachelewa, mteja apigiwe kabla yeye hajapiga. Mwenye karakana asiyefanya haya hugeuka kuwa mtu wa kuomba radhi, na kuomba radhi kutwa kunakausha roho. Halafu mtazame vizuri fundi wako aliyetulia zaidi, umfundishe usimamizi, na umwongezee malipo kwa jukumu hilo. Hesabu tafuta mtu wa kuzishika kwa saa chache kwa wiki. Wewe ubaki kuzikagua na kuweka sahihi.

Kama fedha za kufanya hivyo hazipo, punguza aina za oda unazopokea. Najua inatisha. Tumezoea kusikia kwamba biashara isiyokua inakufa, na wengi wamepanua hadi wakajikuta wanatumikia kitu wasichokitaka. Biashara ndogo inayolipa madeni yake na kumwachia mwenyewe usingizi ni biashara nzuri, hata ikibaki ndogo milele. Hilo nalisema kwa dhati.

Kabla ya uamuzi wowote, pumzika. Hukuniambia ni lini mara ya mwisho ulifunga na kuzima simu, nami nahofia jibu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeeleza hali ya kuchoshwa na kazi kupita kiasi. Halikuiita ugonjwa, liliieleza kama hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa, yenye alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona huna tija tena. Soma barua yako mwenyewe uone kama hazimo. Mtu aliye katika hali hiyo akiulizwa kusudi la maisha yake, hawezi kuliona hata likiwa mbele yake. Funga siku kadhaa, waambie wateja mapema, ulale.

Lakini unisikilize vizuri hapa. Ikiwa utupu huu haubaki karakana, ukakufuata nyumbani, ukala nawe, ukalala nawe, watoto na marafiki wakawa hawakupi raha tena, na hali hiyo ikaendelea karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, nenda kamwone daktari. Huenda ikawa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika. Isije ikakufanya ufunge biashara isiyo na kosa.

Sasa hiyo ajira. Hakuna aibu kuajiriwa, na wapo waliofunga biashara zao wakapumua. Ila usiende kwa sababu umejiona mdogo mbele ya watu wenye maneno makubwa. Waombe muda kidogo wa kujibu, halafu waulize swali moja: siku ya kawaida, Jumanne saa nne asubuhi, nitakuwa nafanya nini hasa? Wakikujibu utakuwa kwenye simu na hesabu, basi umehama meza tu, safari hii ya mtu mwingine. Wakikujibu utakuwa umeshika mkasi na kitambaa, au unafundisha vijana kukata, hilo lina uzito na ulipime. Na jiulize, ukiondoka, ni kitu gani cha karakana utakachokikumbuka hadi kikuume? Kikikosekana hata kimoja, baada ya kupumzika na baada ya zile asubuhi mbili kwa wiki kupewa muda wa kutosha, basi uhuru wa kuondoka unao. Tena si lazima ufunge. Huenda mafundi wako wakaweza kuichukua kwa makubaliano ya kulipana kidogo kidogo.

Umeuliza kama uwaambie. Waambie yanayowahusu. Usiwaambie huoni maana ya kufungua mlango, kwa sababu watakachosikia wao ni kwamba mishahara inakatika, na aliye hodari kuliko wote ataanza kutafuta kazi kwingine kesho yake. Waambie kitakachobadilika: simu ataishika nani, ubao utafanyaje kazi, asubuhi zipi wewe utakuwa na wateja. Kisha waulize nao, kila mmoja peke yake, ni sehemu gani ya kazi anayoipenda na ipi inayomchosha. Pengine yupo anayepiga mapindo mwaka mzima na hajawahi kumwona hata mtu mmoja aliyevaa nguo aliyoimalizia. Akiwa anayo hamu, naye apewe zamu ya kujaribisha.

Yale mazito, ya kutoona maana na ya kutaka kukimbia, mpelekee mwenye biashara ndogo mwenzako, mtu anayejua usiku wa kabla ya siku ya mishahara ulivyo. Si wale wanaokutia aibu kwa hotuba zao. Mtafute mmoja msema kweli, umweleze yote bila kuchuja, na umtafute wiki hii, kabla hujawajibu wanaotaka kukuajiri.

Shangazi yako