Sentimita mbili

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mtoto ambaye hajaanza shule anafaidi chochote kwenye bustani kubwa ya michezo, au sisi wazazi tunajipeleka wenyewe na kumsingizia yeye. Mimi nasema anafaidi, tena sana. Ila anachofaidi mara nyingi si kile ulichomwahidi.

Tulikwenda mwaka jana: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 4 na mdogo wake wa miaka 2. Wiki mbili nzima tulikuwa tumemjaza binti habari za rolakosta, ile treni inayopanda taratibu kama inakwenda mawinguni, kisha inaporomoka na watu wakipiga mayowe. Alikuwa analala akiiota. Tukafika, tukapanga foleni karibu saa nzima, na pale mlangoni kabisa palikuwa na kipimo chenye alama ya sentimita 102. Mhudumu akamsimamisha. Zikapungua mbili. Nikamwambia anyooshe shingo. Mume wangu akaanza kubishania unene wa soli za viatu, na nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Yule kijana alikataa kwa upole, hakutetereka. Baadaye niligundua kipimo kama hicho kilikuwapo mwanzo kabisa wa foleni. Tulikipita macho yakiwa juu, tunaishangaa treni.

Sikujua siku hiyo, lakini nimejua sasa: kile kipimo hakina habari na ujasiri wa mtoto. Chuma kinachomshika abiria kitini kimeundwa kwa miili ya kuanzia kimo fulani, na mwili mdogo kuliko hapo unaweza kuchomoka treni inapokata kona au inaposhuka kwa kasi. Kwa hiyo machozi hayasaidii, hata ya mama. Wala usidhani ukijua kipimo kimoja umevijua vyote. Rolakosta iitwayo Space Mountain kwenye bustani ya Disneyland, California, Marekani, inataka sentimita 102. Ile ya Florida, jina lilelile, inataka 112. Bustani nyingi huandika vipimo vyake kwenye tovuti. Mpimeni mtoto nyumbani, kisigino kikigusa ukuta, kabla hamjafungua mdomo kuahidi.

Jambo jingine tulilijua tukiwa tayari tunatoka. Bustani nyingi zina utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mtoto, halafu wanabadilishana bila huyu wa pili kuanza foleni upya. Unamuuliza tu mhudumu kabla ya kuingia kwenye mstari. Sisi tulipokezana kwa njia ya kienyeji, yaani kila mmoja na foleni yake, na mpaka leo mume wangu anadai zamu yangu ilikuwa fupi.

Walt Disney, yule mtengenezaji wa filamu za katuni, alikuwa akisimulia kwamba wazo la Disneyland, aliyoifungua mwaka 1955, lilimjia akiwa kwenye benchi huko Griffith Park, Los Angeles, anawatazama binti zake wakizunguka juu ya farasi wa mbao. Yeye akakaa tu. Akatamani pawe na mahali ambapo mzazi na mtoto wanacheza pamoja. Namwelewa, lakini ukiwa na mtoto wa miaka 2, lile benchi si la kudharau. Mdogo wetu alipanda farasi wa kuzunguka mara tano, farasi yuleyule wa kijivu mwenye sikio lililobanduka rangi. Mara ya tatu mume wangu alishika ramani, anahesabu michezo tuliyobakiza. “Tumelipia yote,” akasema. Hapo ndipo tulipokaribia kugombana, maana ni kweli tumelipia, na ni kweli pia kwamba mtoto alikuwa anacheka mpaka anashikwa na kwikwi. Mtu mzima anataka kuimaliza ramani. Mtoto anataka farasi wa kijivu. Tuliikunja ramani.

Wale watu waliovaa vichwa vikubwa vya wanyama, acheni mtoto awasogelee mwenyewe. Tulimsukuma wetu kwa ajili ya picha, na picha tuliyoipata ni ya mdomo wazi na nusu ya bega langu.

Mtakaokwenda, nendeni geti linapofunguliwa, foleni zikiwa bado fupi, na kubalini kuondoka mapema. Sisi saa 8 mchana tulikuwa bado na mipango, watoto wameshamaliza yao. Binti alilia kwa sababu kivuli chake kilikuwa kinamfuata. Huo si utundu, ni usingizi. Kigari cha kusukuma kinafaa hata kwa mtoto anayejiita mkubwa. Pia mpigeni picha kila mtoto asubuhi kabla ya kuingia, mwili mzima, na nguo alizovaa siku hiyo. Binti alitupotea kwa dakika chache karibu na vyoo, na mhudumu aliponiuliza amevaa nini, mimi niliyemvisha kwa mikono yangu nikashindwa kutaja rangi. Alikuwa amesimama hatua kumi nyuma yetu, anatazama mtu akijaza maputo hewa.

Je, tutarudi? Suala hilo halimo mikononi mwetu tena. Binti alimwomba baba yake achore mstari kwenye fremu ya mlango, sentimita 102 kamili, na kila Jumamosi anakwenda kusimama pale bila viatu. Amebakiza upana wa kidole. Mdogo wake naye anapimwa, akiwa juu ya ndoo.