Siri ya mtu mzima katika kikundi cha mazungumzo

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 63, nakaa Langoni, Lamu. Natumia dawa za VVU tangu mume wangu alipofariki, na sasa ni miaka mingi. Kila nikipimwa naambiwa virusi havionekani. Dawa nazichukua Malindi kwa sababu hapa kwetu asiyekuwa jirani ni jamaa. Mara ya mwisho mwuguzi aliniuliza maswali mengi kuhusu usingizi na mawazo, kisha akanishauri nijiunge na kikundi cha watu wazima wanaokutana kila wiki kuzungumza. Watoto wangu hawajui hali yangu. Anayejua ni dada yangu peke yake. Mazungumzo yatanifaa nini ilhali mwili wangu hauna neno? Na siri yangu itakaa wapi nikishaitoa mbele ya watu wanane? — Bi. M., Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, Bi. M., na pole sana kwa jambo hili ulilolibeba miaka yote hiyo ukiwa na mtu mmoja tu wa kumwambia.

Nitaanza na siri, maana naona ndiyo iliyokufanya uandike. Hofu yako ina msingi. Katika vichochoro vya Lamu watu hupishana bega kwa bega, na mwanamke akitoka nyumbani saa ile ile kila wiki, hata awe ndani ya buibui, waliokaa kwenye madaka watamjua kwa mwendo wake. Sheria ya Kenya ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI, ya mwaka 2006, inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake, lakini sheria huja neno likiwa limeshatoka. Ndiyo maana nakusihi usikubali wala usikatae kabla hujauliza. Uliza kikundi kinakutana wapi, na kama mlango wa chumba hicho ndio ule ule wa kuchukulia dawa. Uliza kama kuna mtu wa Lamu ndani yake, na kama mwezeshaji anaweza kuwauliza nyote wawili, kila mmoja peke yake, kabla hamjakutana uso kwa uso. Uliza kama kikundi kikishaanza kinafungwa, asiingie mtu mpya katikati. Kama unaweza kutumia jina usilojulikana nalo. Nani anaandika yanayosemwa, na daftari hilo linafungiwa wapi. Na simu zinawekwa wapi wakati wa kikao, kwa sababu siku hizi sauti hurekodiwa bila mtu kuhisi. Mwezeshaji aliyefunzwa vizuri hatachoka na maswali haya. Ukijibiwa kwa kubabaishwa, kataa bila wasiwasi, kwani dawa zako hazitegemei kikundi na hakuna anayeruhusiwa kukunyima kwa sababu hiyo.

Kuhusu faida, kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna vikundi vya usaidizi, ambavyo huenda umevisikia kliniki: watu huja na kuondoka wapendavyo, wakafundishwa juu ya dawa, wakachanga fedha kidogo kama chama. Vina kazi yake na mimi naviheshimu. Ulichoshauriwa wewe, kwa jinsi ulivyoeleza, ni matibabu. Maswali uliyoulizwa yanafanana na yale 9 yanayotumiwa katika vituo vingi kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, yanayogusa hali ya mtu katika wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, kukosa raha katika mambo uliyoyapenda, kujiona huna thamani. Matibabu ya namna hii yana watu wachache waliochaguliwa kwa makini, mwezeshaji mmoja au wawili, na mwanzo na mwisho unaojulikana. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 una vikao 8, na kabla ya kikao cha kwanza kila mtu hukutana na mwezeshaji peke yake ili waelewane ni jambo gani hasa linalomsumbua.

Mambo hayo mwongozo umeyapanga katika mafungu 4: msiba, ugomvi na watu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, Bi. M., na naona yote isipokuwa ugomvi. Uliambiwa una VVU katika msiba wa mumeo. Ukakaa eda yako ya miezi 4 na siku 10, na eda ilipokwisha watu wakadhani na kilio kimekwisha, wala hapakuwa na hata mmoja uliyeweza kumwambia kwamba ulikuwa ukimlilia mume na wakati huo huo una hasira naye. Wengi wa rika lako wamepita njia hiyo. Serikali ilipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, dawa zilikuwa ghali mno kwa watu wa kawaida, na ilikuwa hadi mwaka 2006 ndipo zikawa za bure katika vituo vya umma. Waliovuka miaka ile walizika waume, wake, ndugu na marafiki, wakalea watoto wa marehemu, wala hawakupewa nafasi ya kukaa na kuhuzunika. Kidonge kinazuia virusi, na kuvizuia huko ni neema kubwa, kwa kuwa mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Kidonge hicho hicho hakijui lolote juu ya kilio kilichozuiwa.

Unaweza kujiuliza watu wanane wenye huzuni watasaidianaje. Nikupe mfano wa namna kikao kinavyokwenda. Mama anasema kwamba kila binti yake akimkuta anameza dawa, humwambia ni za presha, na uongo huo unamchoma. Mwezeshaji hamwambii la kufanya. Anawageukia wengine na kuuliza nani aliwahi kuwa hapo. Mmoja alimwambia mwanawe na mambo yakawa mema, mwingine alimwambia mkwe na akajuta. Kisha mama yule anaombwa aseme pale pale maneno ambayo angemwambia binti yake, na mwenzake anajifanya ndiye binti, anauliza yale maswali magumu: "Mama, tangu lini? Baba ndiye aliyekuletea?" Mara ya kwanza sauti inakatika. Wanarudia. Wiki inayofuata anaeleza kama alisema au aliahirisha, na akiwa ameahirisha hakuna anayemlaumu. Kazi hiyo daktari hawezi kuifanya katika dakika chache za kliniki, wala dada yako, kwa mapenzi yake yote, hawezi, kwa sababu hajaishi nayo.

Hili limejaribiwa karibu na kwetu. Katika vijiji vya wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi, wanawake mbali na wanaume mbali, kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba nafuu yao ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao wasiokuwa katika vikundi. Baadaye Dkt. Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza matibabu ya kikundi mahsusi kwa watu wenye VVU na sonona kaskazini mwa Uganda, akaongeza mafunzo ya kujipatia riziki, kwa sababu aliona huzuni na ufukara vinakaa nyumba moja. Nchini Marekani, mtafiti Timothy Heckman na wenzake walijaribu vikundi vya simu vya namna mbili kwa watu wenye VVU waliofikisha miaka 50 na zaidi, na vilivyosaidia ni vile ambavyo watu waliachwa waseme hisia zao wenyewe kwa wenyewe.

Nimeitaja simu kwa makusudi. Kwenda Malindi mara moja kwa miezi 3 au 6 kuchukua dawa ni jambo moja. Kupanda boti hadi Mokowe na basi kupitia Garsen kila wiki ni jambo jingine, kwa nauli na kwa magoti. Mwulize mwezeshaji kama baadhi ya vikao vinaweza kufanyika kwa simu, na kama atakubali, hakikisha una chumba chenye mlango na wajukuu wako madrasa, kwa maana kikundi cha simu kinaweza kuvuja kupitia watu wa nyumbani.

Jambo la mwisho ni la mwili. Mwambie daktari wako kama usingizi unakupotea. Dolutegravir, iliyomo katika kidonge ambacho wagonjwa wengi nchini wanatumia sasa, huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na wapo wanaopata nafuu kwa kuhamisha saa ya kumeza kutoka usiku hadi asubuhi. Kama una kisukari na unatumia metformin, lazima ajue pia, kwa kuwa dawa hizo mbili zikikutana kipimo cha metformin huangaliwa upya.

SWALI: Baba yangu ana miaka 67, alikuwa mvuvi, tunakaa Muyeye, Malindi. Ana VVU na sisi watoto tunajua. Ameanza kwenda kikundi kama hicho, lakini akirudi hasemi kitu. Je, naweza kuomba nikae naye ndani? Na kama hataki kwenda tena, nimlazimishe? — Binti, Muyeye

JIBU: Usikae naye ndani, mwanangu. Mzee aliyezoea kuwa nahodha wa nyumba hawezi kulia mbele ya binti yake, na wenzake nao hawatasema wakiona mtu asiye wa rika lao wala wa hali yao. Akirudi kimya, mwandalie chai na uzungumze naye habari za bahari, usimwulize "mmesema nini leo?" Nauli na kumkumbusha siku, hayo ndiyo yako.

Kumlazimisha haifai, ila mwombe aende mara moja zaidi akamwambie mwezeshaji mwenyewe kwa nini anaacha, kwani mara nyingi sababu ni ndogo na inarekebishika: kiti kinachomwumiza mgongo, saa inayogongana na sala ya alasiri, au kuwa mwanamume peke yake kati ya wanawake. Lakini ukimsikia akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuacha dawa, usingoje siku ya kikundi. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na mkiwa njiani au usiku wa manane mnaweza kupiga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.