Saruji kwenye kuta za posta ya kale? Hapana

Umeuliza kama kuta za mawe ya matumbawe, kama za posta ya kale ya Bagamoyo, zinafaa kupigwa lipu ya saruji. Zisipigwe. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa nje. Saruji huuziba, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya masika chache lipu hubanduka pamoja na vipande vya jiwe lenyewe. Rangi ya plastiki hufanya vivyo hivyo.

Kama saruji imeshapigwa, ibandue taratibu kwa tindo, si kwa nyundo kubwa. Acha ukuta ukauke, kisha changanya chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kuchanganywa na maji) sehemu 1 na mchanga wa mto sehemu 3. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Lowesha ukuta, piga tabaka la milimita 10 hivi, lifunike kwa magunia mabichi kwa wiki moja ndipo upige la pili. Wengi huharibu hapa: likikauka upesi juani linapasuka nyufa.

Ila kabla ya lipu panda darini. Boriti za mikoko huoza kwanza kwenye ncha zilizozama ukutani, hasa mahali paa linapovuja, na lipu mpya huficha tatizo hilo tu.

Kibali nacho: sheria ya mambo ya kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Posta ya Kijerumani ilianza Bagamoyo 1890, kwa hiyo ulizia kwanza kama kuna tangazo la serikali linalolilinda jengo hilo.