Wapangaji wanapogoma kuchanga LUKU, tazameni hesabu kwanza

Kwenye nyumba za kupanga za Nkuhungu, Chang'ombe au Ipagala hapa Dodoma, ugomvi wa umeme huwa na sura ileile: vyumba vinne, mita moja ukutani, na mpangaji mmoja aliyetangaza kwamba mwezi huu hachangi. Majirani humwita mkorofi. Mara nyingi ana hoja ya haki kabisa, ila hajui kuieleza kwa namba.

Tuanze na zamu, yaani leo chumba hiki kinanunua, wiki ijayo kile. Kwa mteja wa kawaida, aliye kwenye kundi la bei la T1, bei ya uniti ni shilingi 292. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, unafika 356 na senti kidogo, kwa hiyo 10,000 inaleta uniti 28. Lakini manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa. Aliyenunua tarehe 1 kwa 10,000 anapata uniti chini ya 24. Kama kuna miezi iliyopita bila kununua, deni lote linamwangukia yeye. Ndiyo maana mwanzo wa mwezi kila mtu anajifanya hajaona mita inapiga kelele.

Nyumba iliyo kwenye D1, kundi la bei la watumiaji wadogo, ndiyo inayogombanisha watu zaidi. Uniti 75 za mwanzo wa mwezi ni shilingi 122 kila moja pamoja na tozo. Ya 76 na kuendelea ni 427. Ukiacha kodi ya jengo pembeni, mwenye zamu ya mapema ananunua kwa 5,000 na kupata karibu uniti 41. Mwenzake wa tarehe 25, kwa 5,000 hiyohiyo, hafikishi 12. Hapo lazima aseme kuna mtu anamwibia umeme, na hakuna aliyeiba. Zamu ifutwe. Mtu mmoja anunue kwa fedha ya wote, meseji za tokeni ziwekwe kwenye kundi la WhatsApp la nyumba, na gharama yote ya mwezi igawanywe kwa uniti zote zilizotumika ili bei iwe moja kwa kila chumba. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo ikatwe kwenye pango, na hilo liandikwe kwenye mkataba.

Kugawana sawa kwa sawa nako hakudumu. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila siku haifikishi uniti 2 kwa mwezi. Jiko la koili la wati 1,500 likipikiwa saa 2 kwa siku linakula uniti 90, zaidi ya shilingi 32,000 kwa bei ya T1. Anayepikia mkaa hawezi kukubali kulipa sawa na huyo, na asilazimishwe. Juni na Julai, baridi ya Dodoma ikishika, heta ya kuogea ya wati 3,500 huongeza zaidi ya nusu uniti kwa kila dakika 10.

Dawa ni mita ndogo kwa kila chumba. Inafungwa baada ya mita ya LUKU na meni swichi, upande wa mteja, na fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakiri ya LUKU haiguswi. Kila chumba kiwe na sakiti breka yake mbele ya mita yake, na fundi afuate mchoro ulio kwenye mfuniko, kwa sababu mpangilio wa kuingiza na kutoa waya hutofautiana.

Kazi huharibika kwenye nyutro, yaani waya unaorudisha umeme. Nyumba nyingi zilijengwa kwa awamu, na nyutro za vyumba viwili zimeunganishwa kwenye boksi moja juu ya dari. Waya wa moto wa chumba unapita kwenye mita yake, nyutro inarudia kwa jirani, na hapo zipo mita zitakazosoma pungufu au kuhesabu za mwingine. Msimlipe fundi kabla ya jaribio hili: zimeni kila kitu nyumba nzima, kisha chumba kimoja kiwashe birika la umeme la wati 2,000 lenye maji. Tazameni kitaa chekundu cha mita ndogo. Kama imeandikwa 1600 imp/kWh, yaani kupepesa mara 1600 kwa uniti moja, kitapepesa karibu mara 53 kwa dakika, pungufu kidogo umeme ukiwa mdogo. Mita nyingine zote zitulie kimya. Ikipepesa ya jirani, nyaya zimechanganyika. Fundi arudi darini. Rudieni kwa kila chumba, na kwa kila soketi, maana soketi ya ukuta wa katikati mara nyingi imetolewa chumba cha pili.

Mfano wa hesabu, nyumba ya T1. Zimenunuliwa za 50,000. Toa kodi 1,500, zimekuja uniti 136. Salio la LUKU mwanzo na mwisho wa mwezi lilikuwa sawa, kwa hiyo zilizotumika ni 136. (Salio likitofautiana, chukua la mwanzo, jumlisha zilizonunuliwa, toa lililobaki. Wengi huruka hatua hii, halafu hesabu inawakataa.) Mita ndogo zinasema 20, 39, 34 na 27, jumla 120. Zilizobaki 16 ni za wote: taa nne za nje za wati 9, saa 12 kila usiku, ni 13, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi ni 3. Kila chumba kinaongezewa 4. Kwa 356 kwa uniti, wanalipa 8,544, 15,308, 13,528 na 11,036. Pengo la za wote likipanda ghafla bila sababu, angalieni pampu inayojiwasha kwa kuvuja au waya uliochomekwa kabla ya mita ndogo.

Atatokea kishoka, fundi wa mtaani asiye na leseni, wa kuwaambia kwamba haya yote ya nini, anaweza kuruka mita, yaani kuupitisha umeme pembeni yake usihesabiwe, kwa elfu kadhaa. Mfukuzeni. Ni kosa la jinai, na nyumba iliyokuwa ikinunua uniti 130 ikishuka hadi 10 inaonekana kwenye kumbukumbu za manunuzi. Tena waya wake haupiti kwenye breka; ukipata shoti darini, hakuna cha kuukata.

Picha za mita zote zipigwe siku moja, tuseme tarehe 1 saa moja asubuhi, na namba ziandikwe kwenye daftari. Mpangaji anayehama asomewe mita siku ya kurudisha funguo, mbele ya anayebaki, na anayeingia asaini namba hiyohiyo kabla ya kushusha vyombo.